Kidonda cha kifua kisichofunga baada ya upasuaji wa moyo: kupangusa usaha au kukata kipande, kubaki Tabora au kurudi Dar

Ukikaa kimya kwenye chumba cha kufungia vidonda, mtu mwenye vali ya chuma, mlango bandia wa moyo, utamsikia kabla hujamgusa. Tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Binti aliyeingia asubuhi ile na shangazi yake alikuwa nayo. Alipasuliwa moyo Dar es Salaam miezi mitano nyuma, akarudi Tabora mshono ukiwa mkavu, akaanza hata kuchota maji. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji kikatokea kipele katikati ya kovu, kikatumbuka. Nilipobandua gozi, kitambaa cha kufungia kidonda, nikakuta tundu dogo, si pana kuliko sindano ya kushonea magunia, linatoa majimaji ya njano hafifu kama yale ya kuoshea mchele. Homa kidogo tu, tena ya jioni. Harufu hakuna. Ngozi ya pembeni haikuwaka wala kuvimba. Ilikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka.

"Sista, tuliweka asali kikafunga," shangazi akasema. "Tukashukuru. Wiki mbili, kikafumuka. Tukapewa sipro, kikakauka. Hiki hapa tena."

Walikuwa wamepita sehemu tatu. Kila sehemu walitoka na dozi mpya, na hakuna palipokatwa hata kipande cha nyama kikapelekwa maabara. Siwalaumu sana waliowaona kabla yangu. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kidonda cha namna hiyo wiki saba, nikijisifu kwamba kinapungua. Siku hizi, kidonda cha kidari kinachofunga na kufumuka miezi baada ya upasuaji nakiwazia TB mpaka maabara iniambie vinginevyo. Ni ugonjwa adimu mahali hapo, lakini ukiukosa unampotezea mtu mwaka. Na mwenye kidonda ana mambo kadhaa ya kuchagua ambayo mara nyingi hakuna anayekaa naye kuyapima moja kwa moja.

Usaha wenye papara na usaha wenye subira

Ili kuufikia moyo, daktari hupasua mfupa wa kidari kwa msumeno, juu mpaka chini, na akimaliza huufunga kwa waya za chuma. Mfupa huchukua kama wiki sita hadi nane kushikana, kwa wengine miezi mitatu. Vidonda vingi vinavyoharibika huharibika mapema ndani ya muda huo, na mara nyingi mhusika ni stafilokokasi, bakteria wa kwenye ngozi na puani. Huyo ana papara. Wiki mbili tatu baada ya upasuaji mgonjwa anatetemeka kwa homa, mshono umewaka, usaha ni mzito, na kila mtu wodini anajua kuna shida.

TB haina haraka. Anayepasuliwa leo huenda alivuta vimelea tangu utotoni, kwenye chumba alicholala na babu aliyekuwa akikohoa. Inakadiriwa robo ya watu wote duniani wamebeba vimelea hivyo bila kuumwa, na Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Vimelea hulala kwenye tezi za ndani ya kifua au pafuni. Kisha mfupa unapasuliwa, damu inayoulisha inapungua, hasa pale mshipa unaopita nyuma ya kidari ulipochukuliwa kuunganishia mishipa ya moyo iliyoziba. Ongeza kisukari, VVU, figo zilizochoka au dawa za steroidi, na mlango umefunguka. Wapo pia waliopasuliwa kwa sababu TB yenyewe ilikuwa imeukaza utando unaouzunguka moyo. Kwa hao ukiona kidonda kinachechemea usizunguke sana.

Kwa hiyo TB hujitokeza baada ya miezi, pengine miaka, na huja kwa unyonge: tundu dogo, majimaji, kilo zinapungua, jasho la usiku, homa ambayo mgonjwa mwenyewe anaiita uchovu.

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Wapo stafilokokasi wapole wanaojibandika kwenye waya na kungoja miezi vilevile. Na kuna ndugu wa TB, vimelea wa familia hiyohiyo wanaoishi kwenye maji na udongo. Marekani mwaka 1976 walizuka kwenye vidonda vya vifua vya watu waliopasuliwa moyo. Miaka ya karibuni, Ulaya, mwingine wa ukoo huo alipatikana ndani ya matangi ya maji ya mashine zinazopasha na kupoza damu wakati wa upasuaji. Alikuwa akirushwa hewani na feni ya mashine, na wagonjwa wakaumwa miaka kadhaa baadaye. Nawataja kwa sababu moja. Kwenye darubini ndugu hawa wanaonekana wekundu kama TB, lakini dawa za kawaida za TB haziwatoshi. Jicho la nesi haliwezi kuwatenganisha, la daktari pia haliwezi.

Asali, sipro, au kusubiri kwanza

Tabora huwezi kuandika habari ya kidonda ukaruka asali. Ni mali yetu, inatoka kwenye misitu ya miombo, na mzee yeyote wa Sikonge atakwambia ilivyomponya mguu. Hawaongopi. Asali inaua bakteria wa juu juu na inaondoa harufu. Hospitali za nje zinatumia asali iliyosafishwa maalumu kwa vidonda. Tatizo liko kwenye kina. Tundu la TB ni mdomo wa pango, na pango lenyewe liko kwenye mfupa au nyuma yake. Asali inaziba mdomo. Usaha unatafuta njia nyingine, na wiki mbili baadaye tundu la pili linafunguka sentimita tatu chini ya la kwanza. Isitoshe, asali ya kwenye dumu haijachemshwa wala kusafishwa kwa ajili ya kidonda, na hapa tunaongelea kidonda kilicho vidole viwili kutoka kwenye moyo.

Sipro ni mbaya zaidi, na wengi hushangaa nikisema hivyo. Siprofloksasini na ndugu zake kama levofloksasini ni antibiotiki zinazoisumbua TB bila kuimaliza. Kidonda kinakauka, mgonjwa anashukuru, vimelea vinapungua kwenye usaha kiasi kwamba kipimo cha siku ile kinatoka safi. Dozi ikiisha, mchezo unaanza upya, safari hii pengine na usugu juu yake. Tena kwa anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye vali, sipro inaweza kupandisha nguvu ya wafarini mpaka fizi zivuje damu. Binti wetu alikuwa amemeza dozi mbili.

Kusubiri, kwa upande wake, si ujinga kila wakati. Kuna uzi unaojitokeza kwenye mshono, unatoa usaha kidogo, nesi anauvuta, yamekwisha. Ninachoangalia ni hiki: uzi ukitoka, kidonda kinafunga ndani ya wiki mbili na hakirudi. Kikirudi mara moja tu, kusubiri kumekwisha.

Kijiti au kipande

Hapa ndipo ningependa shangazi na matabibu wenzangu wa vituo wasome polepole.

Kijiti chenye pamba ndicho tunachokimbilia. Unapangusa usaha, unaweka kwenye kichupa, unapeleka maabara. Hakiumi, hakitoi damu, kila kituo kinacho. Kwa stafilokokasi kinafaa kiasi. Kwa TB kinafaa kidogo mno. Vimelea vya TB ya mfupa ni vichache, vimejificha kwenye ukuta wa pango, na pamba inavinasa bila kuviachia. Unachookota pale juu ni bakteria wa ngozi. Maabara inaandika "stafilokokasi", daktari anaandika dawa ya stafilokokasi, na sote tunaamini tumefanya kazi.

Kipande cha nyama kinachokatwa kwenye ukuta wa tundu, au cha mfupa wenyewe, kina gharama zake. Kinahitaji daktari wa upasuaji, ganzi, na kwa mtu wa wafarini kinahitaji hesabu. Huwezi kukata mtu ambaye INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ni 4, na huwezi kumwambia mwenye vali ya chuma aache wafarini wiki nzima kwa ajili ya kipande, kwa maana damu ikiganda kwenye vali utakuwa umemuua ukitafuta ugonjwa. Pima kwanza, ongea na waliompasua, panga siku.

Na usichokonoe. Nimeona kijana mwenye bidii akisukuma kijiti cha chuma ndani ya tundu "aone lilipoishia". Nyuma ya kidari, mara tu unapovuka mfupa, kuna upande wa kulia wa moyo, na baada ya upasuaji huwa umegandamana na mfupa. Lilipoishia unaweza usipende kulijua. Kama usaha umejikusanya chini ya ngozi, kuuvuta kwa bomba la sindano, ukipitisha sindano kwenye ngozi nzima ya pembeni, ni njia ya katikati. Si nzuri kama kipande, lakini inakipita kijiti kwa mbali.

Kikikatwa kipande, kigawanywe mara mbili. Nairudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu nilishashika kwa mkono wangu kopo moja la fomalini lenye nyama yote ndani yake, na nikajua kazi imeharibika. Fomalini ni ya patholojia: inahifadhi nyama ili ikatwe nyembamba na kutazamwa kama ina vile vinundu na ule uozo mkavu kama jibini ambao TB huuacha. Lakini fomalini inaua vimelea. Nyama iliyolala humo haiwezi kuoteshwa tena. Nusu ya pili iende kwenye kopo safi lenye maji ya chumvi ya hospitali, matone machache tu isikauke, kwa ajili ya GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya TB, na kuotesha, yaani kukuza vimelea maabara. Makopo mawili, majina mawili yaleyale, siku ileile. Binti yule alibidi akatwe mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza lilitumika moja.

Halafu vipimo vyenyewe. Darubini ni ya bei nafuu na majibu ni ya siku hiyohiyo, ila inahitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ndipo ivione, na kidonda cha namna hii mara nyingi hakina utajiri huo. GeneXpert inaona vimelea vichache zaidi, katika mililita moja kama mia na kitu, na toleo jipya la Ultra linashuka mpaka kumi na kitu. Inatoa jibu ndani ya saa mbili na inasema papo hapo kama rifampisini, dawa kuu ya TB, imegonga mwamba, yaani vimelea ni sugu kwake. Mashine hizo zimesambaa mikoani, Tabora na Kigoma zimo, na wengi hudhani ni za makohozi tu. Muulize mtu wa maabara: nyama inaandaliwa kidogo kwanza, lakini inapimika. Ikitoka chanya, umepata. Ikitoka hasi, usifunge faili. Patholojia ikionyesha vinundu huku GeneXpert ikikataa, ama vimelea vilikuwa vichache mno ama ni mmoja wa wale ndugu wa majini.

Kuotesha ndiko kunakotoa hukumu. Kwenye chakula cha maji huchukua hadi wiki sita, kwenye kigumu hadi nane. Ndugu wenye haraka huota ndani ya siku saba, na kwa hilo tu maabara inaanza kuwashuku. Maabara za kuotesha ziko mbali nasi, Mwanza, Kilimanjaro, Dar es Salaam, kwa hiyo sampuli ndiyo isafiri, mgonjwa abaki. Na hakuna sababu ya kungoja wiki nane bila dawa kama GeneXpert imeshasema ndiyo.

Mkiniuliza mimi: GeneXpert na patholojia kwa kila kipande, kuotesha kila inapowezekana, kijiti kama nyongeza tu. Na antibiotiki zozote zisubiri sampuli, isipokuwa mtu anatetemeka kwa homa. Mwenye vali akitetemeka kwa homa hilo ni jambo jingine kabisa: achukuliwe damu ya kuotesha, zaidi ya chupa moja, kabla ya sindano ya kwanza, na apelekwe mbele siku hiyohiyo.

Msisahau picha ya kifua, makohozi kama yapo, kipimo cha VVU na cha sukari. Kidonda peke yake hakiambukizi nyumba nzima, watu wale sahani moja na wasiogope. Ila mapafu yakiwa nayo hesabu inabadilika, na sisi tunaofunga tuvae barakoa, tufungue madirisha, tuache kuosha tundu kwa kupuliza maji kwa nguvu.

Vidonge peke yake, au vidonge na kisu

Watu hudhani TB ya mfupa lazima ikatwe. Nyingi hupona kwa vidonge pamoja na usafi mdogo. Miezi miwili ya dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwenye kidonge kimoja kinachohesabiwa kwa kilo za mwili, kisha rifampisini na isoniazidi. Ya mapafu huchukua miezi sita. Ya mfupa huongezwa, mara nyingi mpaka tisa au kumi na miwili. Dawa ni bure.

Kisu kinaingia pale mfupa umekufa, waya zimelegea na kuzungukwa na usaha, au usaha umejaa nyuma ya kidari. Ishara ninayowafundisha ndugu: mwambie mgonjwa akohoe huku ameweka kiganja kifuani. Akisikia mfupa unacheza au unasuguana, kidari hakijashikana, na hilo ni la waliompasua. Kutoa waya na mfupa uliokufa, kukwangua na kuleta msuli kuziba shimo si kazi ya kujaribia kwenye chumba kidogo cha upasuaji, hata kama daktari ana mkono mzuri. Na damu ikichuruzika ghafla kutoka kwenye tundu, bonyeza kwa gozi, usiondoe mkono, ita gari.

Wafarini na rifampisini: wapangaji wawili wasioelewana

Hili ndilo lililonifanya niandike. Nimeona watu wakiambiwa habari njema, "ni TB, inatibika, dawa bure, nenda zahanati ya jirani ukanywe," na hakuna aliyetazama kwamba mtu huyo anameza wafarini kila jioni.

Rifampisini inaamsha ini lichape kazi. Ini lililoamka linaivunja wafarini haraka kabla haijafanya lolote. Wiki moja au mbili baada ya kuanza dawa za TB, INR iliyokuwa 2.8 inateremka hadi 1.3, mgonjwa hajisikii chochote, na damu inaanza kuganda kwenye vali. Mwenye vali ya chuma kwa kawaida anatakiwa awe kati ya 2 na 3 kama ni ya mshipa mkuu, na 2.5 hadi 3.5 kama ni ile ya katikati ya vyumba vya kushoto. Kadi yake inasema. Ili abaki hapo, wafarini inabidi ipande, mara mbili, mara tatu, wengine zaidi. Aliyekuwa anatumia miligramu 5 akifika 15 si ajabu. Ila haipandishwi kwa kukisia. Inapandishwa kidogo kidogo kwa INR ya kila wiki, wakati mwingine mara mbili kwa wiki mwanzoni, na daktari ndiye anayeandika.

Aliyewekewa vali ya tishu, au aliyeunganishiwa mishipa tu na hana wafarini, ana nafuu hapa. Kwake zahanati ya jirani inatosha kabisa kwa dawa za TB, na aende tu kukumbusha kwamba rifampisini inapunguza pia nguvu za baadhi ya dawa za presha na moyo. Mwenye VVU anayetumia dolutegravir hupewa mara mbili kwa siku. Na kinamama wenye vali ya chuma: vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu mbele ya rifampisini, na ujauzito juu ya wafarini ni hatari kwa mtoto. Binti wetu hakuna aliyemwambia. Tuliongea shangazi alipotoka kununua maji.

Kuna na hili la mkojo. Mtu wa wafarini amefundishwa Dar aogope mkojo mwekundu. Siku ya pili ya rifampisini anaona chooni rangi ya soda ya chungwa, machozi yana rangi, jasho linapaka kanga, anaacha dawa zote kwa woga, wafarini ikiwamo. Mwambie mapema: rangi ya chungwa ni dawa. Rangi ya maji ya kuoshea nyama ni damu, njoo. Na macho yakiwa manjano, au ukianza kukosea rangi nyekundu na kijani, njoo vilevile. Hilo la kwanza ni ini, la pili ethambutoli.

Mboga msizikatae. Kisamvu na matembele vina vitamini inayoshindana na wafarini, lakini shida huja mtu anapokula leo sufuria na wiki ijayo asiguse. Kula kiasi kilekile. Diklofenaki ya dukani kwa maumivu ya kifua, hapana. Sindano ya tako, hapana.

Hapa, Mwanza, au Dar

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kabla ya hapo ilikuwa India. Kwa hiyo vidonda vyetu vingi vina mama yake Dar es Salaam. Kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mtu mwenye kidari kibichi siku mbili kwenye behewa, na begi la kubeba, na msaidizi anayelala chini: safari hiyo iwe na sababu.

Sababu za kwenda ni chache na hazina mjadala. Mfupa unaocheza. Damu. Homa ya kutetemeka kwa mwenye vali. Usaha nyuma ya mfupa kwenye picha ya CT. Kidonda kisichopungua baada ya miezi miwili mitatu ya dawa sahihi zilizomezwa kweli. Rifampisini kugonga mwamba ni sababu ya kuhamishiwa kwa wataalamu wa TB sugu. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro ndiyo yenye jina kwa kazi hiyo.

Mwanza iko katikati. Bugando ni hospitali ya kanda, ina madaktari bingwa na patholojia, na kutoka Tabora ni siku moja ya basi. Kwa kipande kinachohitaji mkono wa bingwa, ningeanzia huko kabla ya Dar, na ningepiga simu Dar kabla ya kuondoka. Wengi hawajui kwamba wanaweza kupiga simu. Namba ya kliniki imeandikwa kwenye kadi ya kutokea hospitali, nyuma, ambako hakuna anayegeuza.

Yaliyobaki yanafanyika nyumbani. Kipande cha juu juu kinakatwa na daktari wa upasuaji wa hospitali ya mkoa, Kitete kwa Tabora, Maweni kwa Kigoma. GeneXpert ipo. Dawa zipo, na mratibu wa kifua kikuu wa wilaya ndiye wa kumtafuta. Swali langu moja kabla sijamruhusu mwenye vali ya chuma atibiwe kijijini ni: INR utapima wapi, kila wiki, kwa miezi miwili ya mwanzo? Asiponijibu, namshauri akae mjini kwa ndugu kipindi hicho. Mtu wa Uvinza au Kakonko, Kigoma mjini. Mtu wa Kaliua, Tabora mjini. Kodi ya chumba kimoja cha uani kwa miezi miwili ni nyepesi kuliko tiketi mbili za kwenda Dar na kurudi, achilia mbali kiharusi.

Shangazi alisikiliza yote hayo, akauliza jambo moja. "Kwa hiyo asali nisiweke hata kidogo?" Nikamwambia aweke kwenye chai.

Wakakaa kwa mjomba, Isevya. Kipande cha pili kikatoka chanya, rifampisini bado inafanya kazi. Wiki ya tatu ya dawa INR ilishuka mpaka 1.4 na tukahangaika nayo siku tisa. Mwezi wa pili majimaji yakakauka. Mwezi wa nne tundu likafunga na kuacha shimo dogo kama la ndui, na ngozi ikarudi rangi yake. Sasa yuko mwezi wa nane, yuko kwao, anakuja kupima mara moja kwa mwezi na treni.

Kinachonitia wasiwasi ni siku atakayomaliza. Watampongeza, watapiga picha na kadi ya TB, na ini lake, likishakosa rifampisini, litalala tena ndani ya wiki mbili hadi nne huku yeye akiendelea kumeza wafarini ya kipimo cha juu. INR itapaa, na safari hii hatari ni kuvuja damu. Wafarini ianze kupunguzwa, na kipimo kirudi kuwa cha kila wiki kwa mwezi mzima. Tarehe hiyo ya mwisho sikuiandika kwenye kadi ya TB, maana atairudisha. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake ya wafarini.